Televisheni Zote Ziwake Kabla ya Saa Tisa

Dada Espe, anayewalea nyinyi vijana hapa kanisani Jakobsberg, aliniomba niwaeleze kuhusu kazi niliyoifanya Uswidi. Nadhani alitarajia niseme niliuguza wazee au nilipika shuleni, kwa sababu ndizo kazi za wengi wa mama zenu, na ni kazi za heshima. Niliposema nilikuwa fundi wa televisheni, kijana mmoja wa mbele akauliza, "Fundi wa nini, Bibi?" Mwenzake akamweleza kwa Kiswidi kwamba zamani televisheni ikiharibika watu walikuwa wanaitengeneza. Mkacheka wote, kana kwamba nimesema nilikuwa nawapigilia farasi viatu.

Siwalaumu. Siku hizi televisheni ni nyembamba kama sinia, na ikizimika inapelekwa kwenye taka bila hata kuombewa. Lakini wakati wa chai kuna msichana alinifuata akaniuliza swali zuri, na muda ukawa umekwisha. Aliuliza hivi: "Bibi, kwa nini Waswidi wote wanakaa saa tisa, mkesha wa Krismasi, kutazama katuni zilezile za zamani? Kila mtu anajua kitakachotokea. Sasa kinachochekesha ni nini?"

Nimekaa kuandika kwa sababu ya swali hilo. Nivumilieni, maana fundi hajui kuanza kwa mbele. Sisi tulizoea kufungua mgongo.

Nilizaliwa Voi, kwenye nyumba za reli. Ukumbi wa wafanyakazi ulikuwa na televisheni moja, nyeusi na nyeupe, iliyofungiwa ndani ya kabati, na mwenye ufunguo wa lile kabati tulimheshimu kuliko mchungaji. Jioni za vichekesho ukumbi ulijaa mpaka watoto tukapandishwa madirishani. Tatizo lilikuwa antena. Picha ilikuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa, na mjomba wangu Mghanga ndiye aliyepanda juu ya mabati kuigeuza.

"Imekuja?" anauliza huko juu.

"Bado!"

"Na sasa?"

"Imekuja! Usisogee! Hapohapo!"

Basi mjomba hakusogea. Alikaa juu ya mabati ameshika kile chuma mpaka kipindi kikaisha. Ukumbi ukivunjika mbavu, yeye huko juu anapiga kelele, "Amefanya nini? Jamani, amefanya nini?" Mimi nilikuwa dirishani, kwa hiyo nikawa mtangazaji wake. "Amemficha kuku ndani ya kofia!" "Halafu?" "Kofia anayo kichwani, na chifu anamsalimu!" "Halafu?" "Kuku ametaga!" Kicheko cha mjomba kilikuja kimechelewa, kiko peke yake, mabati yanatetemeka, wakati ukumbi umeshanyamaza. Ukumbi ukasikia, ukaanza upya. Tulikuwa tunakicheka kichekesho kimoja mara mbili, na mara ya pili ndiyo ilikuwa tamu.

Nilikuja Stockholm kumfuata mume wangu Elija, aliyekuwa amekuja kusoma akapata kazi. Wanawake wa Kenya waliokuwa hapa wakati huo waliniambia nisomee uuguzi. Nikaenda kujiandikisha, nikaona kwenye ubao wa matangazo kwamba kuna mafunzo ya ufundi wa redio na televisheni, na nafasi zipo. Elija aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mtu aliyekulia chini ya mjomba Mghanga hawezi kuogopa antena.

Baada ya mafunzo nikapata kazi kwenye duka dogo la ufundi kule Vällingby, hatua chache kutoka kituo cha treni. Fundi mkuu alikuwa Sune. Alikuwa Mswidi mrefu, mwembamba, mwenye maneno machache kama nywele zake. Siku ya kwanza alinionyesha televisheni iliyokufa, akasema, "Itengeneze." Nikaifungua, nikapima kila waya, nikanusa kila kona, nikatoka jasho asubuhi nzima. Karibu na chakula cha mchana Sune akapita, akainama, akainua plagi iliyokuwa imelala sakafuni muda wote huo. Akasema, "Jaha." Hilo ni neno la Waswidi linalobeba kila kitu. Linaweza kumaanisha nimekuelewa, au nimekuchoka, au Mungu akusaidie. Siku ile lilimaanisha yote matatu.

Tangu siku hiyo nilifuata utaratibu wake, na ninawaachia hata kama hamtaugusa ugonjwa wa televisheni maishani. Anza na plagi. Kisha sikiliza, kwa sababu mashine inayokufa hulia kwanza. Kisha nusa. Kufungua ni mwisho. Na ukishafungua, mkono mmoja uwe mfukoni. Televisheni za zamani zilikuwa na umeme wa kuua, na zilikaa nao tumboni hata baada ya kuchomolewa ukutani. Ukigusa kwa mikono miwili, umeme unaingia huku na kutokea kule, na katikati ya safari yake upo moyo wako. Ovaroli yangu ya kwanza haikuwa na mfuko wa kushoto. Sune hakuniruhusu kugusa kitu mpaka niliposhona mfuko.

Jambo jingine lilikuwa kioo. Ukiwa nyuma ya televisheni huoni picha, na ukiwa mbele mkono haufiki kwenye matumbo yake. Kwa hiyo tulipokwenda kutengeneza nyumbani kwa watu tulibeba kioo cha kujitazamia, tukakisimamisha juu ya kiti mbele ya televisheni, ili tuone picha tukiwa nyuma. Vichekesho vyote vya Uswidi vya miaka ile nimeviona kwenye kioo, kushoto kukiwa kulia. Na Kiswidi changu nilikiokota humo, kwa masikio, kichwa changu kikiwa ndani ya sanduku. Siku moja nilikwenda benki nikamwambia mama wa dirishani sentensi niliyoipenda kutoka kipindi fulani cha familia yenye kelele. Akacheka mpaka akatoa miwani. Kumbe nilikuwa nimezungumza kama babu mlevi anayemfokea mbwa wake.

Lakini baadaye niliacha kukitegemea kioo. Niligundua kwamba nikiinua macho juu ya televisheni, naona nyuso za wenye nyumba wamekaa kwenye kochi wananitazama, au tuseme wanatazama kilicho mbele yangu. Picha ikiwa mbaya, wanakunja paji. Ikitulia, wanalegea mabega. Kichekesho kikikaribia, baba anaanza kumwangalia mama. Niliona hayo nyumba baada ya nyumba. Watu wanadhani fundi wa televisheni ametazama televisheni maisha yake yote. Mimi nimetazama watu.

Desemba ndiyo ilikuwa kiama chetu. Mswidi anaweza kukaa na televisheni mbovu kuanzia Machi bila kulalamika. Ikifika Krismasi ndipo anakumbuka kwamba saa tisa ya mkesha, ile siku wanayoiita julafton, nchi nzima itakaa chini kutazama vile vipande vya katuni, na yeye atatazama nini? Simu ilikuwa haipoi. Mzee mmoja wa hapahapa Jakobsberg alitupigia akisema katuni zake zimekuwa za kijani upande mmoja, na anaogopa ni macho yake. Nikaenda. Mjukuu wake alikuwa amepitisha sumaku kwenye kioo cha televisheni ili aone rangi zikikimbia. Nikazirudisha rangi. Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia mwaka mzima hana hamu na televisheni, lakini saa ile moja haiwezi kumpita, kwa sababu ndugu zake wote, walio hai popote walipo, wanatazama kitu kimoja naye. Niliyaweka moyoni hayo maneno.

Sune alikuwa na desturi moja ambayo sikuielewa. Kila mwaka, mkesha wa Krismasi, alichukua yeye kazi ya mwisho. Mimi na wenzangu tulitaka kwenda nyumbani mchana. Yeye alitafuta mteja ambaye angemfanya awe nyuma ya televisheni ya mtu itakapogonga saa tisa. Nilidhani ni bidii tu. Nilijua mkewe, Gunvor, alikuwa amefariki kabla sijaanza kazi, na kwamba hawakuwa na watoto. Zaidi ya hapo hakunipa, nami sikuchimba.

Televisheni nyembamba zilipokuja, tuliona wenyewe kwamba mambo yanakwisha. Hazikuwa na mgongo wa kufunguliwa. Duka likafungwa, na sasa pale wanauza miwani. Sune alistaafu kabla yangu, na sasa ni marehemu. Mazishini, kiti cha mbele alikikalia mama mmoja wa Burundi pamoja na watoto wake watatu, watu wazima sasa, na ndugu wachache wa Sune waliokuja kutoka kaskazini wakawa wanaulizana kwa macho. Niwaeleze basi jinsi mama yule alivyofika kwenye kiti kile.

Ilikuwa mkesha wa Krismasi, tunakaribia kufunga. Sune alikuwa ameshavaa koti, lakini mwaka huo hakuwa amepata mteja wa mwisho, na alikuwa akipangapanga bisibisi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Simu ikalia. Nikapokea. Ilikuwa sauti ya mwanamke, Kiswidi chake kilikuwa cha kubahatisha, na mara aliposikia jina langu akahamia Kiswahili, kile cha Bujumbura.

"Dada, walinambia kuna fundi anasema Kiswahili. Ni weye?"

"Ni mimi, mama."

"Televisheni yangu inaonesha mustari tu. Watoto wanatazama mustari. Munaweza kuja? Leo?"

Sune alikuwa amesimama. "Nani?"

"Mama mmoja, yuko Fittja. Picha imegeuka mstari."

"Wa kusimama au wa kulala?"

"Wa kulala."

"Twende," akasema, na nilimwona akipumua kama mtu aliyesamehewa kitu.

Nikampigia Elija nyumbani. Alikuwa anakaanga, nilisikia mafuta. "Mkesha wa Krismasi, Wakio?" akasema. Nikamwambia kuna watoto. Akasema, "Hawa wako nitakaa nao mimi. Nenda, lakini rudi na njaa."

Mama Divine, ndivyo alivyoitwa, aliishi ghorofa ya juu pamoja na binti yake Divine, aliyekuwa na umri wa miaka tisa hivi, na wavulana wawili wadogo. Hawakuwa na muda mrefu Uswidi. Televisheni ilikuwa kuukuu, sanduku la mbao, waliyoachiwa na jirani aliyehama. Ilikuwa imewashwa. Kwenye kioo cheusi kulikuwa na mstari mmoja mweupe, umelala katikati kama uzi, na wale wavulana walikuwa wameketi mbele yake kwa adabu, wakiungoja ufunguke.

Divine alinieleza shida kwa Kiswidi, ingawa nilimsemesha kwa Kiswahili. Mwalimu alikuwa amesema kwamba baada ya likizo kila mtoto atasimulia kipande cha katuni alichokipenda kuliko vyote. Darasani kila mtu alikuwa anavijua vile vipande, wanavitania, wanaviigiza wakati wa kucheza. Yeye hakuwahi kukiona hata kimoja.

"Mama anasema niseme niliumwa," akaniambia. "Lakini sitaki. Kila kitu nasema niliumwa."

Tukafungua. Plagi ilikuwa ukutani, nawahakikishia. Sune akanusa, nami nikanusa, tukatazamana. Kile kijidude cheusi chenye miguu mingi, ambacho kazi yake ni kuinua mstari uwe picha, kilikuwa kimepasuka kama karanga. Kwenye gari hatukuwa nacho, dukani hatukuwa nacho, na popote pengine palikuwa pamefungwa. Sune akatazama saa yake. Akatazama wale wavulana. Akasema, "Jaha." Kisha akaniambia, "Baki hapa. Ninacho nyumbani." Akachukua kofia akateremka.

"Anaenda wapi uyu muzee?" Mama Divine akauliza.

"Kuleta kifaa."

"Atarudi?"

Aliliuliza neno hilo taratibu, na nikajua halikuwa la Sune peke yake. Baadaye, tukiwa jikoni, aliniambia kwamba mumewe alibaki nyuma walipokimbia, na mpaka siku ile hakuwa na habari zake, za uzima wala za kifo. Alisema akikoroga maharage, bila kuniangalia. Nikashika sufuria ya ndizi nikamsaidia kumenya zilizobaki, kisha nikarudi nyuma ya ile televisheni nikajifanya ninafanya kazi, nikilehemu hapa na pale pasipo na ugonjwa, kwa sababu watoto walikuwa wananitazama na niliona ni vibaya waone mkono wangu umelala.

Muda ulikwenda. Kutoka Fittja hadi Vällingby, alikoishi pia Sune, na kurudi ni safari, hata barabara zikiwa tupu. Nilikuwa nimeanza kutunga maneno ya kumwambia Divine, nikayaona yote hayafai, ndipo honi ikalia chini. Tukaenda dirishani. Gari la Sune lilikuwa limesimama mlangoni kabisa, mahali pasiporuhusiwa, na yeye alikuwa amefungua nyuma. Ndani hamkuwa na kifaa. Kulikuwa na televisheni nzima, kubwa, imefunikwa blanketi.

Na lifti ilikuwa mbovu.

Nyinyi hamjui uzito ninaousema. Televisheni zile zilikuwa nzito upande wa kioo, kwa hiyo unaibeba kioo kikiwa kimekumbatiwa kifuani, mgongo wa televisheni ukitazama nje, la sivyo inakuangusha kifudifudi. Sune aliikumbatia hivyo akipanda kinyumenyume, mimi nikisukuma kutoka chini. Kwenye ngazi za pili Mama Divine akaja, kitenge kimefungwa kiunoni, akanisogeza kwa nyonga akashika pembe moja. Wavulana walibeba waya nyuma, kama watoto wanaoshika shela la bibi harusi. Tulipumzika kila ghorofa. Majirani walifungua milango, wakaona, wakafunga, isipokuwa mmoja aliyetuambia kwa Kiswidi kwamba zimebaki dakika chache, kama vile hatukujua.

Tulipoitua juu ya meza na kutoa blanketi, niliona kitambaa kilichotariziwa kimelazwa juu yake, cha kazi ya mkono. Sune akakitoa, akakikunja mara mbili, akakiweka ndani ya koti. Mbao chini ya kitambaa ilikuwa imeng'aa, na pembeni imefifia kwa jua.

"Hii ni ya nani?" nikamuuliza.

"Yangu."

"Ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa."

Nikachomeka antena. Televisheni za wakati ule hazikuwaka mara moja. Sauti ilitangulia, na picha ikaja nyuma yake pole pole, kama mtu anayeamka. Sauti ikaja. Watoto wakashikana. Picha ikaja, ina rangi zote, na mtangazaji alikuwa anawatakia watu Krismasi njema.

Sune alikuwa tayari amekwenda nyuma ya televisheni. Alisimama huko, mkono mmoja mfukoni, ingawa kifuniko kilikuwa kimefungwa na hapakuwa na cha kugusa. Divine akageuka.

"Mbona umesimama huko? Huko huoni kitu."

"Ninahakikisha inafanya kazi," Sune akasema.

"Inafanya kazi," Divine akamjibu. "Njoo."

Mama Divine hakuelewa maneno yote, lakini alielewa maana. Akaondoa nguo zilizokuwa juu ya kiti, akakipangusa kwa kiganja, akakisogeza mbele. Sune alitoka kule nyuma taratibu, akaketi na koti lake. Mimi ndiye niliyebaki nyuma, kwa mazoea, nikitazama nyuso.

Katuni zikaanza. Wale wavulana walizitazama kama watu wanaosoma barua ya serikali, midomo wazi, hawajui wacheke wapi. Kwenye kioo, kwa jinsi nilivyosikia, hakuna kilichokuwa kimetokea bado. Mnyama fulani alikuwa anatembea tu na muziki wake. Ndipo Sune akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kimekwaruza, kama kifuniko cha mtungi kilichokaa muda mrefu bila kufunguliwa. Watoto watatu wakageuka kumwangalia. Naye alionekana ameshtuka kuliko wao. Kabla hajajitetea, huko kwenye katuni ikasikika kishindo, vyombo vikamwagika, na wavulana wakapasuka kwa kicheko mpaka mdogo akaanguka chali.

Baada ya hapo walimtazama Sune kwa jicho moja na televisheni kwa jicho la pili. Mabega ya Sune yakianza kutikisika, wao wanaanza kucheka hapohapo, hawajui wanachekea nini, wanajua tu kwamba kinakuja. Kikifika, wanacheka tena. Divine alijikaza mwanzoni, akitaka kuviweka kichwani vyote kwa ajili ya shule, kisha akasahau shule. Mama Divine alikuja kusimama mlangoni na mwiko. Hakuwa anatazama televisheni hata kidogo. Alikuwa anawatazama wanawe, na kicheko kikamjia yeye naye, kikamzidi, ikabidi akae chini palepale kizingitini, ajifute macho kwa pindo la kitenge.

Kipindi kilipoisha Sune akainuka kuaga. Nikatafsiri. Mama Divine akasema, "Mwambie hapa kwangu hakuna kutoka bila kula. Mukae." Sune akavua koti. Alikula maharage na ndizi na wali, akauliza kila kitu jina lake, akarudia majina vibaya, watoto wakamsahihisha.

Wakati wa kuondoka alinyanyua ile televisheni mbovu ya sanduku la mbao, akaniambia nishike upande wa pili. Mama Divine akaonyesha ile nyingine mezani. "Na yake? Anaiacha?"

Nikamuuliza Sune.

"Mwambie bado iko kwenye majaribio," akasema. "Itabidi fundi aje kuikagua."

Tuliingia garini. Barabara ilikuwa yetu peke yetu. Stockholm nzima ilikuwa ndani, na taa za madirishani zinawaka. Tulikuwa tunakaribia barabara ya kuingilia Jakobsberg.

"Gunvor alikuwa anacheka kabla," Sune akasema.

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya kichekesho. Kila mwaka. Anajua kinakuja, anashindwa kungoja. Namwambia, Gunvor, ngoja basi kitokee. Anasema sawa, halafu anacheka tena." Akabadilisha gia. "Baada ya mazishi yake nilijaribu kutazama, mara moja. Kichekesho kilikuja ghafla tu, hakuna aliyekitangaza. Nikazima. Sijaiwasha tena mpaka leo."

Mkono wangu, sijui kwa nini, ulikuwa mfukoni.

"Leo nimesikia mtu anacheka kabla," akaendelea. "Nikageuka kumtafuta. Kumbe ni mimi."

Alinishusha mlangoni kwangu. Elija alikuwa ameshafungua mlango, watoto wamejaa miguuni pake, harufu ya kuku imetoka mpaka nje. Nilimwalika Sune aingie, akakataa kwa adabu. Nilipokuwa nafunga mlango wa gari akaniita.

"Wakio. Kwa Kiswahili unasemaje, picha ni nzuri? Unauliza mtu, je, picha haina shida?"

"Picha iko sawa?"

"Pisha iko sava."

"Picha. Sawa."

Alirudia mara kadhaa, injini ikiwaka, mpaka Elija akatoka kuangalia kama tumepata matatizo. Kisha akaondoka.

Mwisho wa haya alinisimulia Mama Divine mwenyewe. Kesho yake, siku ya Krismasi, kengele ya mlango ililia mchana. Alipofungua alimkuta Sune amesimama, ana tai shingoni, jasho la ngazi linamtoka, mkono hauna bisibisi wala kitu chochote. Televisheni ilikuwa imezimwa, na kutoka pale aliposimama Sune aliweza kuona kwamba imezimwa. Akakohoa, akasema kwa Kiswahili, neno moja moja, kama mtu anayekanyaga barafu asiyoiamini:

"Picha iko sawa?"

"Iko sawa, baba," Mama Divine akamjibu. "Ingia. Tulikuwa tunakungoja."

Sune akavua viatu, akavipanga ukutani karibu na vya watoto, akaingia.